Safari ya yai: kutoka ghala la mahindi hadi foleni ya mpakani

Mwishoni mwa Oktoba 2017, maofisa wa Tanzania waliteketeza kwa moto vifaranga 6,400 katika mpaka wa Namanga. Vifaranga hao wa siku moja walikuwa wametoka Kenya, na aliyewaingiza alikuwa mfanyabiashara Mtanzania. Sababu iliyotolewa ni hofu ya mafua ya ndege. Tanzania ilikuwa imepiga marufuku kuku kutoka nje tangu katikati ya miaka ya 2000, na mzigo ule ulivuka kinyume cha amri hiyo. Nairobi ililalamika, watetezi wa wanyama wakapiga kelele, mitandao ikachemka siku kadhaa, kisha habari ikapoa.

Jambo ambalo halikuzungumzwa sana wakati ule ni hesabu. Kuku wa kisasa wa mayai, akilishwa vizuri na kuchanjwa, hutaga mayai 270 hadi 300 kwa mwaka. Lau vifaranga wote wale wangekuwa wa kutaga na wote wakakua, wangetoa mayai yapata milioni 1.7 katika mwaka mmoja. Kwa nchi yenye zaidi ya watu milioni 60 hilo ni tone tu. Lakini tone hilo linafafanua jambo moja ambalo wafugaji wa kuku kuanzia Kiambu hadi Wakiso na Kibaha wanalijua fika: katika Afrika Mashariki, bei ya yai huamuliwa mpakani na kwenye ghala la nafaka kabla kuku hajaingia kwenye kiota.

Gramu moja kwa siku

Yai moja la kawaida lina protini kama gramu 6. Uzuri wake hauko kwenye wingi pekee. Protini ya yai inazo asidi amino zote tisa ambazo mwili wa binadamu hauwezi kujitengenezea, wakati mahindi, chakula kikuu cha sehemu kubwa ya ukanda huu, yana upungufu wa mbili kati ya hizo, laisini na triptofani. Mtoto anayeshiba ugali na mboga za majani kila siku anaweza kuwa ameshiba kweli na bado asiwe na vifaa vya kujengea mwili.

Kwa wastani wa dunia, mayai humpa mtu karibu gramu 3 za protini kwa siku. Kwa mujibu wa mizania ya chakula inayotolewa na Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa (FAO), Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo zote ziko chini ya gramu moja, na katika Burundi na Kongo kiasi hicho ni kidogo mno. Japani na Meksiko, mtu mmoja hula zaidi ya mayai 300 kwa mwaka.

Takwimu za nyumbani nazo zina vituko vyake. Wizara ya Mifugo na Uvuvi ya Tanzania imekuwa ikitaja wastani wa mayai 106 kwa Mtanzania kwa mwaka, na kuyalinganisha na 300 yanayotajwa kuwa pendekezo la FAO. Mayai 106 ni sawa na protini gramu 1.7 kwa siku, kiwango kinachozidi kwa mbali kile kinachoonekana kwenye majedwali ya FAO yenyewe. Mmoja kati ya wahesabuji hawa wawili amekosea, au kila mmoja anahesabu kitu tofauti: kuku wa kienyeji wanaotaga vichakani ni vigumu kuwaingiza kwenye jedwali lolote. Na hata wastani ukiwa sahihi, bado unaficha mengi. Kijana wa Sinza, Dar es Salaam, anayekula chipsi mayai jioni nne kwa wiki anavuka mayai 300 bila kujua, na anavuta juu wastani wa familia ya kijijini Kigoma inayouza kila yai ili kununua sabuni na chumvi.

Anayepungukiwa hasa ni mtoto. Nchini Burundi, utafiti wa kitaifa wa afya wa 2016 hadi 2017 ulikuta asilimia 56 ya watoto wa chini ya miaka mitano wamedumaa, kiwango ambacho ni miongoni mwa vya juu kabisa duniani. Rwanda ilikuwa na asilimia 33 katika utafiti wa 2019 hadi 2020. Tafiti za 2022 zilikuta asilimia 30 Tanzania, 26 Uganda na 18 Kenya. Karibu kote huko viwango vinashuka, lakini polepole.

Je, yai linamrefusha mtoto?

Swali hilo limejibiwa mara mbili kwa majibu mawili tofauti, na inafaa yote mawili yajulikane. Mwaka 2017 watafiti waliofanya kazi katika nyanda za juu za Ecuador walichapisha matokeo ya jaribio la watoto 163: waliopewa yai moja kila siku kwa miezi sita, kuanzia umri wa miezi sita hadi tisa, walipungukiwa na udumavu kwa asilimia 47 wakilinganishwa na wenzao. Habari hiyo ilienea, na kampeni za yai zikapata nguvu.

Kisha jaribio kama hilo likafanyika jirani, wilayani Mangochi, Malawi, safari hii likiwa na watoto 660. Yai moja kila siku, miezi sita, uangalizi uleule. Urefu wa watoto haukubadilika kwa kiasi cha kuonekana. Maelezo yaliyotolewa ni kwamba hali ya kuanzia ilikuwa tofauti: udumavu Mangochi haukuwa mkali kama kule Ecuador, na watoto wengi wa maeneo yale ya ziwani walikuwa tayari wanakula samaki.

Kwa hiyo yai si dawa ya kila mahali. Lina kazi kubwa pale ambapo hakuna maziwa, samaki wala nyama. Kwa ramani ya ukanda huu, hiyo ina maana ya vilima vya Burundi na mashariki ya Kongo mbali na maziwa makuu, kuliko mitaa ya Nairobi ambako mayai ndiko yanakokimbilia.

Mji unakula, kijiji kinauza

Mahitaji yanavutwa na miji. Kampala ina rolex, chapati iliyozungushiwa mayai ya kukaanga na nyanya, chakula kilichopanda kutoka vibanda vya Busoga na Wandegeya hadi kuwa kitambulisho cha taifa. Dar es Salaam ina chipsi mayai, ambazo vijana huziita zege. Nairobi ina yai la kuchemsha linalochanwa katikati na kujazwa kachumbari kwenye kituo cha matatu. Vyakula hivi vitatu havina cheti wala kampeni ya lishe, ila huenda vimeongeza ulaji wa mayai kuliko semina zote za lishe zilizofanyika hotelini.

Mayai ya mjini ni ya kisasa, ya kuku waliofungiwa bandani. Kuku wa kienyeji hutaga mayai 40 hadi 60 kwa mwaka, kisha anaatamia, analea, na nusu ya vifaranga wake wanaliwa na mwewe au kufa kwa mdondo, ugonjwa ambao wengine huuita kideri. Mwenye kuku watano kijijini haoni sababu ya kumpa mtoto yai ambalo lingeweza kuwa kuku. Si ujinga, ni hesabu. Imani za kale nazo zilichangia. Katika desturi ya Buganda wanawake hawakula kuku wala mayai, na katika jamii kadhaa mtoto aliyezoea mayai alidhaniwa atakuwa mwizi. Imani hizo zimepungua sana mijini. Hesabu ya kijijini bado ipo.

Hapo ndipo kazi fulani za kimyakimya zimesaidia. Chanjo ya mdondo inayovumilia joto, iliyotokana na aina ya kirusi iitwayo I-2, hutengenezwa Kibaha na inaweza kupelekwa kijijini kwa baiskeli bila friji ya gharama. Mradi wa kuboresha mbegu za kuku barani Afrika ulioongozwa na taasisi ya ILRI kuanzia 2014 ulijaribu kuku chotara nchini Tanzania, Ethiopia na Nigeria. Chotara kama Kuroiler kutoka India na Sasso kutoka Ufaransa sasa wanazurura uani katika vijiji vingi, wakitaga maradufu na zaidi ya kienyeji halisi.

Yai ni mahindi

Kuku wa mayai hula karibu gramu 115 za chakula kwa siku, yaani kilo 42 kwa mwaka. Yagawe kwa mayai 270 na kila yai linakuwa limemeza gramu 155 za chakula. Zaidi ya nusu ya chakula hicho ni mahindi na pumba zake. Kinachobaki ni soya, mashudu ya alizeti au pamba, dagaa, chokaa na vitamini. Katika gharama zote za mfugaji, chakula peke yake huchukua theluthi mbili hivi.

Ndiyo maana mvua zikikatika Trans Nzoia, kikaango cha Gikomba huhisi. Ukame wa kuanzia 2020 hadi 2022 ulipandisha bei ya chakula cha kuku nchini Kenya hadi wafugaji wengi wadogo wakauza kuku kabla ya wakati na kufunga mabanda. Walikuwa wametoka tu kwenye pigo la korona, pale hoteli na shule zilipofungwa na mayai yakakosa mnunuzi. Mwishoni mwa 2021 serikali iliruhusu malighafi za chakula cha mifugo ziingie bila ushuru, kwa sharti kwamba zisiwe za mazao yaliyobadilishwa vinasaba. Mahindi ya namna hiyo si rahisi kuyapata kwa wingi katika soko la dunia, na nafuu ilichelewa. Vita vya Ukraine vikaongeza chumvi kwenye kidonda mwaka uliofuata.

Ajabu ni kwamba mahindi yasiyobadilishwa vinasaba yapo, na yako karibu. Yako Songea, Mbeya, Rukwa na Masindi. Lakini Machi 5, 2021, Mamlaka ya Kilimo na Chakula ya Kenya ilizuia mahindi yote ya Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumukuvu. Malori yakajipanga Namanga na Busia. Siku tano baadaye amri ikaondolewa na kuwekwa masharti: waagizaji wasajiliwe, mzigo uwe na cheti kwamba sumu haizidi kiwango. Hofu ya sumukuvu ni ya haki kabisa, kwani imewahi kuua watu Kenya. Hata hivyo masharti yaliyofuata ndiyo yangeweza kuwekwa tangu mwanzo, bila kufunga mpaka hata saa moja.

Kisha kuna dagaa. Dagaa wa Ziwa Victoria, wanaoitwa omena Kenya na mukene Uganda, ni zaidi ya nusu ya uzito wa samaki wote wanaovuliwa ziwani humo. Waliokaushwa kwenye vichanja au nyavu zilizoinuliwa huenda sokoni kwa watu. Katika soko la Kirumba, Mwanza, wanunuzi hutoka hadi Kongo. Waliokaushwa mchangani, wenye changarawe, huenda kiwandani kusagwa kuwa chakula cha kuku. Sehemu kubwa ya mavuno huishia njia hiyo ya pili. Ukitazama kwa jicho la lishe, ni biashara ya hasara: protini ya bei nafuu kabisa, ambayo maskini angeila na mifupa yake, inapitishwa kwenye tumbo la kuku ili itoke ikiwa kidogo na ghali zaidi.

Kuna wanaotafuta njia ya kuwaachia watu dagaa wao. Kituo cha utafiti wa wadudu cha ICIPE jijini Nairobi kimeonyesha kwamba mabuu ya nzi wanaofugwa kwenye taka za sokoni yanaweza kuchukua nafasi ya dagaa katika chakula cha kuku, na Kenya na Uganda zimekwisha kuweka viwango vya ubora kwa malighafi hiyo. Kiasi kinachozalishwa bado ni kidogo mbele ya mahitaji.

Hesabu nyingine hapa inatosha kuonyesha ukubwa wa kazi. Jumuiya ya Afrika Mashariki, pamoja na Kongo na Somalia, ina zaidi ya watu milioni 300. Kumwongezea kila mmoja yai moja tu kwa wiki kunahitaji mayai zaidi ya bilioni 15 kwa mwaka. Hao ni kuku kama milioni 58, na chakula tani milioni 2.4. Mahindi yaliyomo ndani ya chakula hicho yangekaribia theluthi ya mavuno ya Kenya ya mwaka wa kawaida. Hakuna nchi moja ya Jumuiya inayoweza kubeba mzigo huo peke yake bila kugusa sufuria ya ugali.

Trei ya Uganda, lawama ya Kiambu

Wafugaji wa Kiambu wamelalamika kwa miaka kwamba mayai ya Uganda yanawaua. Yanavuka Busia na Malaba kwenye trei za thelathini thelathini, na yanauzwa Nairobi kwa bei ambayo mfugaji wa Kenya hawezi kuifikia. Wanachosema ni kweli. Lakini sababu yake si hila. Uganda ina misimu miwili ya mvua inayotegemeka zaidi, hivyo mahindi, na kwa hiyo chakula cha kuku, kwa kawaida huwa nafuu kuliko Kenya. Mfugaji wa Kiambu hashindani na mfugaji wa Wakiso. Anashindana na shamba la Masindi.

Kenya imejaribu kuzuia. Katika miaka ya karibuni iliweka ushuru wa asilimia 25 kwa mayai kutoka nje, na Uganda ikalalamika kwamba hatua hiyo inavunja soko la pamoja lililoanza Julai 2010. Mabishano ya aina hii kuhusu mayai, maziwa na sukari yamegeuka kuwa kama msimu. Yanakuja na kuondoka. Mlaji wa Kibera hana kiti katika meza hiyo, ingawa yeye ndiye anayelipa.

Magonjwa ni suala jingine, na zito zaidi. Januari 2017 ndege wa porini walianza kufa kwenye ghuba ya Lutembe karibu na Entebbe, na vipimo vikathibitisha mafua ya ndege. Kenya na Rwanda zikafunga mlango kwa kuku na mayai ya Uganda. Kuchukua tahadhari ilikuwa sahihi. Kinachobishaniwa ni upana wake. Taratibu za Shirika la Afya ya Wanyama Duniani zinaruhusu kutenga eneo lililoathirika na kuendelea kununua kutoka maeneo au mashamba yaliyothibitishwa kuwa salama. Hilo linahitaji maabara, madaktari wa mifugo wa kutosha, na zaidi ya yote, nchi moja kuamini cheti cha jirani yake. Itifaki ya Jumuiya kuhusu usafi na afya ya mimea na wanyama ilikubaliwa mwaka 2013 kwa ajili hiyohiyo. Kufunga mpaka kunabaki rahisi zaidi, kwa kuwa hakuhitaji chochote ila mnyororo na kufuli.

Na wakati mwingine mafua hayahusiki kabisa. Mpaka wa Gatuna kati ya Rwanda na Uganda ulifungwa Februari 2019 kwa ugomvi wa kisiasa na kufunguliwa Januari 31, 2022. Burundi ilifunga mipaka yake na Rwanda Januari 2024. Kuku hawana chama, lakini mayai yao hayakai muda mrefu kwenye joto bila kupoteza ubora.

Kwa mfanyabiashara mdogo kuna mlango mdogo uliowazi. Utaratibu uliorahisishwa wa Jumuiya unamruhusu mwenye mzigo usiozidi dola 2,000 za Marekani, wa bidhaa zilizozalishwa ndani, kuvuka bila ushuru wa forodha kwa cheti rahisi cha asili kinachotolewa palepale mpakani. Mayai ya pikapu moja kwa kawaida huingia humo. Tatizo ni kwamba cheti cha afya ya mifugo hakitolewi kila mara palepale, na wengi, hasa wanawake, huona ni heri wamlipe mwendesha bodaboda avushe trei kwa njia za panya. Hapo serikali hupoteza vyote viwili: kumbukumbu ya mzigo na nafasi ya kuupima.

Upande wa magharibi

Kongo ndiyo soko ambalo wafugaji wa Jumuiya wanalitazama kwa hamu tangu nchi hiyo ilipojiunga mwaka 2022. Ina watu wapatao milioni 100 na mayai machache kuliko karibu kila jirani. Goma imezoea kula mayai ya Rwanda, yaliyovushwa kwa mkono na kwa baiskeli kupitia kivuko cha Gisenyi, ambacho kabla ya korona kilipitisha makumi ya maelfu ya watu kwa siku. Tangu mji huo uangukie mikononi mwa waasi wa M23 Januari 2025, biashara inaendelea kwa masharti ya bunduki.

Kusini, Lubumbashi, hali ni nyingine. Mji huo mkubwa unaozungumza Kiswahili hupata sehemu kubwa ya mayai yake kutoka Zambia kupitia Kasumbalesa. Zambia ina mahindi mengi miaka ya mvua nzuri, soya yake yenyewe na mashamba makubwa ya kuku. Ukame wa 2024 ulipoifanya itangaze janga la kitaifa, Lubumbashi nayo ilikuwa na sababu ya kuhofu. Tanzania, ambayo mahindi yake ya Rukwa na Katavi yako ng'ambo tu ya Ziwa Tanganyika, iko ndani ya Jumuiya moja na Kongo. Zambia haimo. Hadi leo trei zinazopangwa kwenye soko la Lubumbashi zinatoka Zambia.